Msiba wa Fundi Vitanda, Mwenyewe Akiwepo

Mbagala Charambe,
11 Februari 2024

Kwa Yuliana, mpika wali mbichi wa stendi ya Masasi,

Salamu zako hizi hapa, zipokee kwa mikono miwili, ila unawe kwanza. Flaviana hajambo, anamwamkia shangazi yake. Anaondoka gizani kwenda kazini Kawe na kurudi gizani, kwa hiyo huu mwaka wa tatu sijamwona binti yangu juani isipokuwa Jumapili. Nyumba ipo, kuku wapo, Zubeda jirani yupo na mdomo wake.

Najua unashangaa kupata karatasi na simu ninayo. Simu imenishinda. Nikisema maneno mawili pumzi inakata, na wewe ukimshika mtu kwenye simu humwachii mpaka chaji iishe. Kwenye karatasi napumzika katikati na wewe hujui. Hapa, kwa mfano, nimepumzika.

Habari yenyewe ni hii. Ile miguu yangu iliyokuwa ikivimba, ambayo wewe ulisema ni unene wa kula vya bure, ni moyo. Nimelazwa, nimetoka juzi. Daktari anasema moyo umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa, na maji yanabaki mwilini. Haujasimama, Yuliana, usikimbilie kununua kitenge. Dawa zipo, za kumeza kila siku bila kuruka, na mtu anaweza kuishi nao miaka mingi akifuata masharti.

Masharti ndiyo matamu. Chumvi marufuku. Kila asubuhi napanda mzani, nikizidi ghafla ni maji, niende hospitali. Nalala nimeegemea rundo la mito kama abiria wa basi la usiku. Na kuna kidonge kimoja kinanikimbiza chooni mpaka Jumapili siwezi kusikiliza mahubiri yakaisha. Natoka katikati mara mbili, na padri sasa ananitazama kama mtu aliyemuudhi.

Randa nimeambiwa niiweke chini kwanza. Hapa uani vitanda vimekaa nusu nusu. Zubeda amemwoza binti yake na kitanda cha harusi bado hakina miguu.

Nijibu, na uandike vizuri, siyo ule mwandiko wako wa kuku.

Binamu yako na mtani wako, mzuri kuliko wewe,
Fransis


Masasi,
25 Februari 2024

Kwa Fransis, fundi wa vitanda vinavyopiga kelele,

U mzima wewe? Sisi wazima. Mvua inanyesha vizuri, mahindi yamesimama. Kwaya ya parokia imepata kinanda kipya na mpigaji ni yule yule wa zamani, kwa hiyo hatujaendelea. Mgahawani kwangu wateja ni wengi kushinda viti, na wali wangu ni huo huo unaousema mbichi, uliokula sahani tatu ulipokuja mara ya mwisho.

Barua yako niliwasomea wateja wangu, tukacheka mpaka chai zikapoa. Halafu nikaingia jikoni nikalia kidogo. Ni vitunguu.

Moyo umechoka! Umechoshwa na nini, wakati kazi zote za nyumba ile alifanya marehemu mkeo, Mungu amrehemu? Sasa nisikilize. Meza dawa zote, hata hicho kidonge cha kukutoa kanisani. Mboga mwambie Flaviana atie ndimu, kitunguu saumu na tangawizi nyingi, ulimi wako utadanganyika. Nimempa kondakta kifurushi cha korosho, hazina chumvi hata punje. Nimezikaanga mwenyewe nikiwa na hasira.

Marehemu Benedikti wangu naye alikatazwaga chumvi. Habari za Benedikti tuziache.

Andika upesi. Ukichelewa nitajua umekwenda kuoa.

Mtani wako,
Yuliana


Mbagala Charambe,
5 Mei 2024

Dada yangu mpendwa Yuliana,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Nakushukuru sana kwa korosho. Naomba radhi kwa kuchelewa kujibu.

Huku hakuna jipya. Mvua ilikuwa kubwa, sasa imepungua. Flaviana anaendelea na kazi zake. Mimi naendelea vizuri.

Naomba uwasalimie wote.

Mdogo wako,
Fransis


Masasi,
12 Mei 2024

Fransis,

Nani kafa?

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Shikamoo? Umeniamkia mimi? Mama yako na baba yangu wamezaliwa tumbo moja, na tangu tunatoka kamasi tulifundishwa kwamba binamu wa namna yetu ni mtani: anakuibia kuku, anakutukana mbele ya wakwe, na siku ukifa anakuja kuwachekesha wafiwa. Hujaniamkia hata siku moja. Siku yangu ya ndoa, nimevaa gauni jeupe, ulisimama mlangoni mwa kanisa ukaniita gunia la ufuta. Leo mimi ni dada yako mpendwa, na wewe ni mdogo wangu. Heshima hii imetoka wapi?

Nikuulize na unijibu. Unalala? Unakula? Unatoka nje hata kukaa barazani? Vitanda vimefika wapi? Na mbona simu yako haipatikani, hata ya kunihemea tu nikasikia upo?

Sisi huku hatujambo, ila siandiki habari za huku mpaka unitukane.

Yuliana


Mbagala,
9 Juni 2024

Yuliana,

Nakula. Nalala. Zubeda nimemwambia atafute fundi mwingine.

Sina nguvu za utani, unisamehe. Usinitumie vitu tena, unajisumbua bure. Simu nimeizima kwa sababu kila anayepiga anauliza naendeleaje. Dawa usiwe na wasiwasi, hata zile za mwezi wa pili bado zipo nyingi.

Fransis


Masasi,
16 Juni 2024

Kwa wafiwa, nyumbani kwa marehemu Fransis fundi vitanda, Mbagala Charambe,

Poleni sana kwa msiba. Sisi ndugu wa Masasi tumezipokea taarifa kwa masikitiko, tena tumezipokea kutoka kwa marehemu mwenyewe, kwa mwandiko wake.

Marehemu alikuwa mlafi, mbishi na mwenye sauti mbaya kanisani. Alipenda kucheka kuliko kufanya kazi. Mwezi wa pili alikuwa bado hai, nina ushahidi. Baadaye akaja mtu mwingine akaingia mle ndani, anavaa nguo zake, anaandika shikamoo, na anasema dawa za mwezi wa pili bado zipo nyingi. Mimi ni mpika wali tu, lakini najua kwamba dawa ya kumeza kila siku ikibaki nyingi mwezi wa sita, haimezwi.

Kama mtu huyo anaisoma hii, namwambia: mtoe binamu yangu nje. Mimi ndiye mtani wake, mimi ndiye mwenye haki ya kumzika, na sijatoa ruhusa.

Mwenye msiba,
Yuliana


Mbagala Charambe,
24 Juni 2024

Yuliana, mchawi mkubwa wewe, mvunja nyumba za watu,

Umefanya nini? Unajua ulichofanya?

Ndani uliandika utani wako, sawa. Lakini juu ya bahasha! Uliandika juu ya bahasha, kwa herufi kubwa, "Kwa wafiwa wa marehemu Fransis fundi vitanda," ukampa kondakta. Kondakta kamkabidhi wakala wa basi hapa Rangi Tatu, na wakala ni mtu wa kwetu, mtoto wa Newala. Hakufungua, ana adabu zake. Alisoma juu, akashika kichwa, akampigia katibu wa chama.

Na chama chetu cha watu wa kusini hapa Mbagala unakijua utaratibu wake: turubai kwanza, maswali baadaye. Tuliupitisha wenyewe, nami nilinyoosha mkono, baada ya siku ile tuliyochelewa msiba wa mtu tukatiwa aibu na majirani.

Mimi nilikuwa ndani. Nitakueleza ukweli sasa, maana umeshanizika, sina cha kuficha. Nilikuwa sitoki. Flaviana akienda kazini nageukia ukutani, akirudi ananikuta hivyo hivyo. Dawa nilikuwa naziangalia tu. Siyo kwamba niliamua kitu. Nilikuwa sijali kama kesho ipo au haipo. Sikuwa na huzuni ya kulia, Yuliana, ningelia ningepata nafuu. Kulikuwa hakuna kitu kabisa.

Basi nikasikia uani vyuma vinagongwa, viti vinapangwa, halafu wanawake wanaanza kulia. Nikadhani Zubeda amefiwa. Na unajua niliwaza nini? Nilimwonea wivu aliyekufa. Nikafunika kichwa na shuka nikae kimya.

Mlango ukafunguliwa. Zubeda huyo, ana shuka jeupe mkononi na beseni la maji, nyuma yake wazee wawili wa chama. Nikainuka kwenye mito. Zubeda akaachia beseni, maji yote chumbani.

"Mzee Fransis! Si umekufa wewe?"

"Bado," nikamwambia.

"Sasa mbona watu wameshajaa?"

Kama ni kosa langu! Nikavaa shati, nikatoka. Uani kwangu, Yuliana, turubai limefungwa, viti vya plastiki vimejaa watu, wengine sijawaona tangu mwaka juzi. Kilio kikakatika. Kuna mama mmoja alikimbia akaacha viatu. Wakala wa basi akaja ananinyooshea bahasha yako, "Mzee, samahani mzee, imeandikwa hivyo, mie sijatunga." Nikaisoma pale pale. Mwenyekiti naye akaisoma. Alipofika kwenye sauti mbaya kanisani akaanza kutikisika mabega. Akauliza, "Huyu ni mtani wako?" Nikasema ndiyo. Akageukia watu: "Jamani, ni utani wa binamu yake! Mzee mzima!" Weee! Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka barabara ya Kilwa.

Sasa ubwabwa ulikuwa umeshainjikwa, na katibu akasema chakula cha msiba hakirudishwi ndani ya gunia. Wakakaa, wakaanza kula. Na kuna mzee mmoja alikuwa ameshaandaa maneno ya kunielezea mimi marehemu, akasema hawezi kuyapoteza. Akasimama akayasema nami nimekaa mbele yake. Wengine wakadakia. Mama mmoja akasema watoto wake wote wamezaliwa juu ya kitanda changu. Mwingine akasema kitanda changu kinapiga kelele lakini hakijavunjika, na mume wake ni mzito. Wakacheka, nami nikajikuta nacheka. Sauti ilitoka mbaya, ya mtu aliyesahau.

Halafu Flaviana akaingia. Walikuwa wameshampigia pole kazini. Alipiga simu yangu, nimeizima. Alikuja na bodaboda kutoka Kawe mpaka Mbagala akijua baba yake amekufa. Aliingia chini ya turubai, viatu mkononi, akaniona nimeshika sahani. Alikuja akaanguka magotini kwangu, ubwabwa ukamwagika, akawa ananishika uso, mikono, masikio, kama mtu anayehesabu kama vyote vipo. Akasema, "Baba, nilijua. Nilijua tu itakuwa leo."

Yuliana, pale ndipo nikalia. Mbele ya chama kizima. Nikawaambia, jamani, mmekosea kidogo tu. Nikawaambia kwamba dawa sizimezi, kwamba naamka sitaki kuamka, kwamba nesi wa kliniki akiniuliza nasema mzima. Hakuna aliyenicheka. Yule wakala alivua kofia.

Sijakusamehe. Mwenye moyo mbovu unamfanyia msiba, ungeniua kweli! Flaviana hataki hata kusikia jina lako, mpe muda. Amechukua ruhusa kazini, kesho anaingia kliniki pamoja nami, mpaka ndani kwa nesi.

Mbaya kuliko fisi wewe,
Fransis


Masasi,
30 Juni 2024

Fransis wangu,

Nimeisoma barua yako nikacheka hadi nikashika nguzo, na nilipofika kwa Flaviana nikanyamaza. Mwambie shangazi yake anamwomba msamaha. Nimemtumia kitenge, siyo kwamba kitenge kinafuta kitu. Bahasha niliiandika kwa mkono wa hasira na sikufikiria njia itakayopita.

Sasa nikueleze kwa nini nilikuwa na hasira.

Benedikti hakufa na presha kama nilivyowaambia watu. Yaani presha ilikuwepo, na moyo ulikuwa na maji kama wako. Lakini kabla ya hapo alikuwa na mwaka mzima wa upole. Alikuwa mkali yule, unamjua, anagombana na redio. Akawa mpole. Ukimpa chakula anasema asante. Ukimuuliza anasema naendelea vizuri, mke wangu. Watu wakanipongeza, Benedikti wako kawa mtu mzuri uzeeni. Nami nikajipongeza! Nilipofua godoro baada ya maziko nikakuta vidonge vimejaa kwenye mshono. Sikumwambia mtu, hata watoto wangu.

Kwa hiyo ulipoandika shikamoo, nilimsikia Benedikti anaongea. Nakupenda, Fransis. Nimeliandika neno hilo mara moja na silirudii, maana watani wakisikia watanivua cheo.

Niambie nesi amesema nini. Usipunguze.

Yuliana


Mbagala Charambe,
28 Julai 2024

Kwa Yuliana, mjane wa mtu mzuri,

Salamu kwanza. Flaviana amekivaa kile kitenge kwenda kanisani, kwa hiyo kesi yako inaelekea kufutwa. Zubeda anamsimulia kila mtu jinsi alivyoniona ninafufuka, na kila wiki nafufuka kwa kishindo zaidi. Pole ya Benedikti nimekupa kimoyomoyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuiandika hapa. Hukukosa kumpenda. Hukujua tu, na yeye hakukusaidia kujua, kama mimi nilivyomfanyia Flaviana.

Nesi anaitwa Raudha, mtoto wa juzi tu, ana sauti ndogo lakini hadanganyiki. Aliniuliza kama kawaida, "Mzee wangu, unaendeleaje?" Nikasema mzima. Flaviana akasema, "Muulize tena." Raudha akaweka kalamu chini. Akaniuliza kama katika wiki zile kuna jambo lolote linalonipa raha. Nikafikiri, nikafikiri. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza kama najiona mzigo. Hapo Flaviana akanishika mkono.

Akasema, "Hiyo ni sonona, mzee wangu. Wala siyo uvivu wala imani ndogo, ni ugonjwa na tunautibu." Anasema watu wengi wenye moyo kama wangu wanaipata, na wengi inawapita hospitali bila kuonekana, kwa sababu uchovu wake unafanana na uchovu wa moyo, na kukosa usingizi hivyo hivyo. Kila mtu anasema, ah, ni moyo huo. Na mwenye nayo anaacha dawa, anaacha kutembea, moyo nao unazidi. Daktari akanianzishia vidonge vingine ambavyo havigombani na vile vya zamani, akasema havitafanya kazi siku hiyo hiyo, nivumilie wiki kadhaa. Na kuna mshauri ninayekwenda kuzungumza naye. Mara ya kwanza nilikaa kama mtuhumiwa. Mara ya pili niliongea mpaka akanitajia saa.

Na tunatembezwa, Yuliana! Wagonjwa wa moyo tunatembea pamoja kwenye ukumbi mrefu wa hospitali, polepole. Mwenzangu ni mzee Abdulrahman, anavuka kutoka Kigamboni. Hakuna kati yetu anayekubali kusema amechoka. Kwa hiyo pumzi ikikata tunasimama tukijifanya tunasoma matangazo ukutani. Sasa najua kila kitu kuhusu chanjo za watoto wachanga na uzazi wa mpango. Juzi alisimama mbele ya tangazo la kunyonyesha muda mrefu hadi wauguzi wakaja kumuuliza kama anahitaji msaada.

Dawa nazimezea mbele ya Flaviana asubuhi kabla hajatoka. Hilo ni ombi langu, siyo amri yake.

Wali wako bado mbichi,
Fransis


Masasi,
18 Agosti 2024

Kwa marehemu,

Tumefurahi kusikia huko uliko unatembezwa. Hapa wazima wote. Mikorosho imeanza kuchanua. Mpiga kinanda ameugua vidole na kwaya imeimba vizuri kwa mara ya kwanza.

Barua yako nimewasomea wanangu. Kwanza niliwasomea ya kwako, halafu nikawaeleza ya baba yao. Ilikuwa kazi, lakini nimeifanya. Kijana wangu mkubwa alitoka nje akakaa chini ya dirisha muda mrefu, kisha akarudi akaniomba chai. Tangu siku hiyo ananipigia simu mara nyingi kuliko mtu anayenidai, na akiniuliza hali namjibu kweli, hata kama jibu ni magoti yanauma.

Sasa niambie, umepona?

Yuliana


Mbagala Charambe,
6 Oktoba 2024

Kwa Yuliana, mama wa kwaya isiyo na kinanda,

Tunaendelea. Joto la Dar limeanza mapema. Zubeda amenisamehe habari ya kitanda kwa sababu nimemtengenezea vigoda viwili vya jikoni. Ndiyo kazi yangu mpya, vigoda, unavitengeneza umekaa, na mtu akivikalia havipigi kelele kwa hiyo maneno yako hayana pa kuanzia. Abdulrahman ameagiza kimoja. Anasema ni cha mkewe, lakini vipimo alivyonipa ni vya makalio yake.

Umeniuliza kama nimepona. Sitaki kukupa jibu la shikamoo, kwa hiyo nitakusimulia juzi.

Juzi niliamka na ile hali imerudi. Sikuota vibaya, sikukosana na mtu, mzani ulikuwa sawa. Nilifungua macho tu, nikakuta hakuna kitu tena, kama mwezi wa tano. Nikageukia ukutani. Nikamsikia Flaviana sebuleni anatafuta mkoba, anataka kutoka. Nikawaza, mwache aende, atachelewa, siku moja tu nitajikaza. Nilishafunga macho kabisa. Halafu, sijui nikuambieje, mdomo ukafunguka kabla sijauruhusu.

Nikaita, "Flaviana, mwanangu. Leo siwezi."

Nikamsikia anaweka mkoba chini. Akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda. Nilidhani ataniuliza nini tatizo, au ataniambia nijikaze, au atampigia Raudha pale pale. Baadaye alimpigia kweli. Lakini kwanza alikaa tu, akaniwekea mkono mgongoni. Nikamwambia kwamba imerudi, na kwamba naogopa itakuwa inarudi rudi. Akasema, "Ikirudi utaniita."

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Anasema miezi yote ile, kabla ya msiba wako, kila asubuhi akishavaa alikuwa anakuja kusimama nje ya mlango wangu. Anaweka sikio. Anasikiliza kama napumua. Akisikia napumua ndipo anaenda kazini, na siku ambazo napumua kidogo kidogo alikuwa anasimama hadi anachelewa. Hakugonga hata mara moja. Anasema aliogopa kugonga, kwa sababu nisingejibu asingejua la kufanya.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango huo, macho wazi, nikidhani nyumba nzima imenisahau.

Tulilia kidogo, siyo sana. Mchana nikaomba uji, nikanywa wote. Jioni nikatoka barazani. Jana ilikuwa nafuu, leo nafuu zaidi, kesho sijui.

Ila leo asubuhi nilizisikia hatua zake zinakuja kama alivyonisimulia, zikasimama mlangoni. Nikangoja. Akagonga.

"Baba, hodi."

Nikamwambia, "Karibu, mwanangu, pita ndani. Niko macho."

Binamu yako,
Fransis